Msichana Aliyeomba Macho ya Buluu

Kiko kitabu cha hadithi kilichotoka Marekani mwaka 1970, na kwa Kifaransa kinaitwa L'Œil le plus bleu. Aliyekiandika ni mwanamke mweusi, Toni Morrison. Wazazi wengine wakisikia habari zilizomo husema: «Kitabu hiki kisiingie nyumbani mwangu.» Vijana nao hujibu: «Ni kitabu kizuri, maana kinatufundisha kujipenda.» Mimi naona pande zote mbili hazikukisoma vema. Basi nataka kukieleza na kukipima, kwa sababu jambo linalosemwa humo linawahusu binti zetu, na hata macho yao ya mwili.

Kwanza tumjue mwandishi. Alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Lorain, jimbo la Ohio, akaitwa Chloe. Alipokuwa na umri wa miaka 12 aliingia katika Kanisa Katoliki, akapewa jina la Mtakatifu Antoni. Kwa jina hilo watu wakamwita Toni. Mwaka 1993 alipata tuzo ya Nobel ya uandishi, na mwaka 2019 akafariki. Watu wa ukoo wake walikuwa wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari. Tena wazazi wake walikuwa wametoka kusini mwa Marekani, wakahamia kaskazini penye viwanda. Kwa hiyo watu anaowasimulia wametawanyika mara mbili: mara ya kwanza kutoka Afrika, mara ya pili kutoka mashamba ya kusini. Mtu aliyehamishwa hivyo huuliza: Mimi ni nani? Na mwanamke huuliza zaidi, kwani yeye ndiye anayetazamiwa kulea watoto na kuwapa desturi za nyumbani. Akiwa amezipoteza, atawapa nini?

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1940 na 1941, mjini Lorain. Pecola ni msichana mweusi wa miaka 11. Baba ni mlevi, mama ni mkali, na nyumbani ni ugomvi kila mara. Shuleni wenzake humwita mbaya wa sura. Msichana anafikiri hivi: kama macho yangu yangekuwa ya buluu, kama ya wale watoto wa Kizungu walio katika picha, baba na mama wasingethubutu kugombana mbele ya macho mazuri namna hiyo. Ndipo anaanza kumwomba Mungu kila usiku ampe macho ya buluu. Baadaye baba yake mwenyewe anamnajisi, naye anapata mimba. Mtoto anazaliwa kabla ya wakati na kufa. Mwishoni Pecola anarukwa na akili. Anaamini kwamba sasa anayo macho ya buluu, na hofu yake ni moja tu: labda yuko mtu mwingine mwenye macho ya buluu kuliko yake.

Ni habari nzito, sikatai. Lakini tutazame jinsi mwandishi anavyoijenga. Hamlaumu baba peke yake kisha akanyamaza. Anarudi nyuma kutafuta mahali ugonjwa ulipoanzia, na hasa anasimulia habari za mama, Pauline. Huyu alizaliwa Alabama, akakulia Kentucky. Alipokuwa msichana alikuwa na jicho la kupenda rangi: zambarau ya matunda yaliyochafua gauni lake, manjano ya maji ya ndimu ambayo mama yake alikuwa akitengeneza, kijani cha wadudu wenye kung'aa usiku juu ya miti. Hizo zilikuwa mali yake, ukumbusho wa kwao. Alipofika kaskazini pamoja na mumewe, alijiona mpweke. Wanawake wa mjini walimcheka kwa mavazi yake na kwa jinsi alivyosema. Basi akaenda kujiliwaza katika sinema. Huko alijifunza kupima kila sura kwa kipimo cha wanawake weupe wa pichani. Akatengeneza nywele zake kama za mmoja wao, na siku hiyohiyo, akila peremende gizani, jino lake la mbele likang'oka. Tangu pale alijihesabu mbaya. Binti yake alipozaliwa, alimtazama kwa kipimo kilekile.

Baadaye Pauline anapata kazi ya nyumbani kwa Wazungu, katika jiko safi lenye kila kitu. Siku moja Pecola anaangusha humo chombo cha matunda yaliyotoka motoni, anaungua miguu. Mama anampiga binti yake mwenyewe, kisha anambembeleza mtoto wa bwana wake anayelia kwa sababu gauni lake limechafuka. Mtoto huyo wa Kizungu humwita Pauline kwa jina la utani, lakini Pecola humwita mama yake «Bibi Breedlove», kama mtu wa nje. Mwandishi haongezi mahubiri hapo. Msomaji anaona mwenyewe kwamba mwanamke huyu amekwisha kuhama: mwili wake ni wa mama mweusi, lakini jicho lake ni la nyumba ya bwana.

Kwa sababu hiyo siwakubali vijana wanaosema kwamba fundisho la kitabu ni «jipende». Pecola angejipendaje? Mtoto hajifunzi kujitazama peke yake. Hujifunza kwa macho ya wanaomtazama. Mwenye duka anapompokea senti tatu za peremende, macho yake yanampita kana kwamba hapo mbele hakuna mtu. Na peremende zenyewe zimefungwa katika karatasi yenye picha ya msichana mwenye macho ya buluu. Jambo hili mwandishi hakulibuni hewani. Katika miaka ya 1940, Kenneth Clark na mkewe Mamie, weusi wote wawili na wataalamu wa mambo ya nafsi, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi. Wengi walimchagua mweupe wakasema huyu ndiye mzuri. Habari hizo zilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1954 ikakataza kutenga watoto mashuleni kwa rangi. Kumwambia mtoto wa namna hiyo «jipende» ni kumtwisha yeye mzigo wetu sisi wakubwa.

Tazameni sasa Claudia, msichana anayesimulia sehemu kubwa ya hadithi. Yeye pia ni mweusi na maskini, naye anapewa mwanasesere wa Kizungu. Hampendi; anamvunjavunja apate kujua uzuri wake umefichwa wapi. Kwa nini Claudia haangamii kama Pecola? Si kwamba ana nguvu nyingi kuliko mwenzake. Mama yake hufoka, lakini pia huimba, na usiku mtoto akikohoa huja kumsugua kifua na kumfunika vizuri. Claudia ana mtu anayeamka kwa ajili yake. Tofauti ya wasichana hawa wawili ni hiyo tu, nayo ndiyo sehemu bora ya kitabu kwa maoni yangu.

Aliye na mashaka kama habari hizi zinatuhusu sisi wa Afrika, na asome kitabu cha Ken Bugul wa Senegal, Le Baobab fou, kilichotoka mwaka 1982. Jina hilo ni la Kiwolofu, maana yake ni «hakuna anayemtaka». Humo anasimulia jinsi alivyokwenda Ubelgiji kusoma. Shuleni kwao alikuwa amefundishwa kwamba mababu zake ni Wagaulwa wa Ulaya. Basi alifika Brussels kana kwamba anarudi kwa jamaa zake. Siku moja aliona sura katika kioo cha duka, akastaajabu, maana sura ile nyeusi ilikuwa yake mwenyewe. Kitabu hiki kinaruka huku na huku katika wakati, na msomaji anaweza kuchoka. Lakini ukilinganisha na kile cha Morrison, utaona ugonjwa ni mmoja: msichana ameazimwa jicho la mtu mwingine la kujitazamia, na kwa jicho hilo hajioni.

Turudi kwa Pecola. Karibu na mwisho anakwenda kwa mtu mmoja aitwaye Soaphead Church, anayejidai kufasiri ndoto na kutatua shida za watu. Anamwambia haja yake: macho ya buluu. Mtu yule anamhurumia, hata anamwandikia Mungu barua ya majivuno, kana kwamba yeye amefanya kazi ambayo Mungu aliiacha. Lakini alichomfanyia ni nini? Anampa nyama yenye sumu amlishe mbwa mzee, na kumwambia kwamba mbwa akifanya jambo la ajabu, hiyo ni ishara. Mbwa anakufa akitetemeka mbele ya mtoto. Hapo mkristu anamkumbuka Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Bwana Yezu alimsimamisha, akamwuliza anataka atendewe nini. Bartimayo aliomba apate kuona. Pecola anaomba apate kuonwa. Na katika mji mzima hakuna aliyesimama kumwuliza.

Sasa natoka kwenye hadithi niingie katika mambo ya mwili, kwani akina Soaphead wangali wapo, na wengine wao huuza dawa za macho. Macho ya vijana wetu wengi hayajatazamwa na mtu ajuaye. Kijana anayekunja uso akisoma ubaoni, anayenakili daftari la jirani, anayeumwa kichwa kila jioni, huitwa mvivu au mjinga. Kumbe haoni mbali. Dawa yake ni miwani iliyopimwa. Lakini msichana akiipata huificha mfukoni, kwa sababu wenzake humwita «macho manne», na shangazi yake humwambia kwamba hataolewa. Wengine husema miwani huharibu macho. Si kweli: miwani iliyopimwa vema haidhoofishi macho. Duniani kote wanawake ni zaidi ya nusu ya watu wasioona vizuri, na sababu mojawapo ni kwamba mahali pengi mwanamke hupelekwa kwa daktari baada ya wengine.

Yako na mengine. Macho ya kijana yakiwasha, huenda sokoni kununua matone. Mengi ya matone hayo yana kortizoni: kuwasha kunakoma upesi, naye anaendelea kuyatia miezi na miezi. Lakini kortizoni ikitumiwa hivyo bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, tena huweza kuleta mtoto wa jicho. Mshipa ule ukifa, haufufuki. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa hiyohiyo, na dada zetu huzipaka usoni, karibu kabisa na kope. Hivyo msichana anayetafuta sura nyeupe aweza kupoteza macho aliyotaka kuionea sura hiyo. Wako pia wanaonunua vioo vidogo vya rangi vya kubandika juu ya jicho, wapate macho ya buluu au ya kijani. Vikivaliwa bila kupimwa na bila usafi, huweza kuleta kidonda katika kioo cha jicho. Wala tusitie majani, mkojo au maziwa ya mama katika jicho jekundu. Jicho likiuma, likiogopa mwanga au likipungua nguvu, kijana apelekwe siku ileile kwenye hospitali au kituo cha afya.

Tena ni vizuri vijana wajue hili: jicho la buluu halina rangi ya buluu ndani yake. Mwanga hutawanyika humo kama unavyotawanyika mbinguni, ndiyo maana huonekana hivyo. Jicho letu la kahawia lina rangi ya kweli, nayo hulikinga na ukali wa jua. Pecola hakupungukiwa kitu.

Basi, je, kitabu hiki kisomwe? Kina kasoro. Sauti ya Pecola mwenyewe hatuisikii sana mpaka akili zake zimeharibika; kabla ya hapo wengine husema kwa niaba yake. Mwaka 1993 mwandishi mwenyewe alikiri kwamba wasomaji wengi walimwonea Pecola huruma, lakini hawakujiuliza kama wao pia walikuwa miongoni mwa waliomvunja. Na kile kisa cha baba kimeandikwa kwa namna ambayo haiwafai watoto. Kwa hiyo nasema: watoto wa shule ya msingi wasipewe. Vijana wakubwa wakisome pamoja na mtu mzima wa kuzungumza naye. Lakini hasa wakisome baba na mama, na sisi makatekista na walimu, maana kimeandikwa juu yetu kuliko juu ya watoto. Anayekifungia nje ya nyumba kwa sababu ya dhambi iliyomo, na aangalie kwanza kama dhambi hiyo haikai katika nyumba za jirani pasipo mtu kuisema.

Na msomaji akimaliza, asilie tu. Amwite binti yake, amsimamishe penye mwanga, amtazame macho yake vizuri, na kumwuliza: Unaona mpaka wapi? Kisha amwulize neno la pili: Ukijitazama, unamwona nani? Akijibiwa vibaya kwa swali la kwanza, ampeleke kwa daktari wa macho. Akijibiwa vibaya kwa swali la pili, asimtume kwa mtu mwingine, akae naye.