Ngazi Kubadilishwa Rangi

Ukitaka kumjua fundi rangi, usimpe ukuta. Mpe ngazi ya mbao iliyokwisha kupakwa vanishi na mafundi kadhaa kwa miaka tofauti, umwambie aibadilishe rangi. Ukuta hutazamwa kwa mbali. Ngazi hukanyagwa na kushikwa kila siku.

Fundi ninayemsifu hapa yuko Dar es Salaam, na ngazi yenyewe ni ya mninga. Vanishi ilikuwa imekolea hadi karibu na weusi, na mwenye nyumba alitaka rangi ya asali.

“Fundi, si upake tu juu yake?”

“Haitaingia, mama. Itakaa juu juu, halafu ibanduke. Na hii ilivyo nyeusi, rangi nyepesi haitaonekana.”

Rangi ya mbao huongeza giza, haipunguzi. Kwa hiyo kazi ni kuvua vanishi kwanza, hadi mti wenyewe uonekane. Alianzia kwenye pembe ambazo mashine ya msasa haifiki, akikwangua polepole kwa chuma, barakoa usoni, maana vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Kisha msasa: namba 80, halafu 120, halafu 150, kila mara kufuata nyuzi za mti. Wenye haraka huruka namba ya katikati. Mikwaruzo ya 80 haionekani mbao ikiwa kavu. Rangi ikishaingia, yote hujitokeza. Yeye aliilaza taa sakafuni, mwanga ukapita ubavuni mwa kidato, akaitafuta mikwaruzo mmoja mmoja.

Kilichonifurahisha zaidi ni ncha za vidato, pale ubao ulipokatwa na nyuzi kukatika. Sehemu hiyo hunywa rangi kama sifongo, ikawa nyeusi kuliko kidato chenyewe. Hapo alipanda hadi namba 220 ili kuziba vitundu kidogo. Baadaye akapangusa ngazi nzima kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zikasimama, akaacha zikauke, akazikata kwa msasa mwepesi. Nani angeyaona hayo? Hakuna, na ndiyo maana wengi hawayafanyi.

Rangi aliijaribu chini ya ngazi, kwenye mbao hiyohiyo, akaipaka na vanishi juu, kwa sababu vanishi hubadilisha sura ya rangi. Kisha akapaka kidato kimoja na kuruka kingine, watu wapate pa kupita. Watoto waliona ni mchezo. Bibi yao alihamishiwa chumba cha chini.

Kupaka kwenyewe kulikwenda upesi: kitambaa, dakika chache za kusubiri, kisha kufuta iliyozidi. Vitambaa vya mafuta hakuvirundika, alivitandaza nje, kwani vikiachwa kwenye lundo huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vanishi ya wazi ilifuata, mikono mitatu, na msasa mwepesi kati ya mkono na mkono. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo hakuitegemea saa iliyoandikwa kwenye kopo, aligusa kwanza.

Ukimpata fundi wa namna hii, kubalianeni malipo ya msasa kando na ya rangi. Wengi hulipuliwa kazi kwa sababu bei ilihesabiwa kwa makopo peke yake, na makopo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.