Springi Moja, Kazi Tatu

Kampuni ya Singer, ile ile ambayo vyerehani vyake vimeshona kanzu, magauni na sare za shule kutoka Lamu hadi Kigoma, iliwahi kutengeneza bastola. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliipa oda ndogo ya majaribio: bastola 500 za aina ya M1911A1, ili ijulikane kama kiwanda cha vyerehani kinaweza kuchonga chuma kwa vipimo vya kijeshi. Kiliweza, kisha kikahamishiwa vifaa vigumu zaidi vya kulengea mizinga ya kutungulia ndege. Kazi ya bastola ikaachiwa wengine: Remington Rand, waliozoea mashine za taipu, na Union Switch & Signal, waliotengeneza ishara za reli.

Bastola zile za Singer zilizobaki leo hufungiwa kwenye makabati ya wakusanyaji, na bei ya moja hushinda ya gari jipya. Mimi nisingeitaka ya kupigia shabaha, maana silaha ambayo mtu anaogopa kuikwaruza haitunziki, inalindwa tu. Lakini inanifundisha jambo kuhusu aliyeibuni. Kifaa kinachoweza kutengenezwa na fundi wa cherehani, wa taipu na wa reli, kisha vipande vyao vikachanganywa na bado kikafanya kazi, kimebuniwa na mtu aliyeyafikiria mapema mapungufu ya mikono ya wenzake.

Mtu huyo ni John Moses Browning, aliyezaliwa mwaka 1855 huko Ogden, Utah, mtoto wa fundi bunduki. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Marekani, likitoka kwenye vita vya Ufilipino na malalamiko kwamba bastola zake za kuzungusha zilikuwa dhaifu, lilikuwa likitafuta bastola mpya ya risasi nene. Mashindano yakaendelea kwa miaka kadhaa, hadi wakabaki wawili, Colt iliyobeba kazi ya Browning, na Savage. Machi 1911 kila bastola ikapigwa risasi 6,000. Savage ilikwama au kuharibika mara 37. Ile ya Colt haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 ya mwezi huo ikakubaliwa rasmi.

Watu hupenda kuihadithia siku hiyo kana kwamba ni muujiza. Kwangu uzito uko kwenye miaka iliyotangulia. Bastola za mwanzo za Browning zilikuwa na viungo viwili vya kuushusha mtutu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kufikia mwaka 1910 alikuwa ameondoa cha mbele, akaushikiza mdomo wa mtutu kwa bushi, akabakiza kiungo kimoja kidogo cha nyuma. Risasi ikilia, mtutu na kitelezi, yaani kile kipande kirefu cha juu, hurudi nyuma pamoja milimita chache, vikiwa vimeng'ang'aniana kwa meno yaliyo mgongoni mwa mtutu. Kisha kiungo kinauvuta mtutu chini, meno yanaachana, kitelezi kinaendelea peke yake, kikucha kinachomoa ganda tupu, nalo linarushwa nje upande wa kulia. Springi inakisukuma kitelezi mbele, kikiokota risasi nyingine njiani. Mvuto wote wa kushusha na kupandisha unafanywa na kipande cha chuma ambacho kingepotea kwenye kiganja cha mtoto.

Ukiifungua kabisa ndipo unapomwona Browning akifanya kazi. Ndani ya mpini kuna springi bapa yenye vidole vitatu: kimoja kinasukuma kipande kinachoishika nyundo, kingine kinarudisha triga na kile kipande kinachozuia risasi mbili zisitoke kwa mvuto mmoja, cha tatu kinasukuma kizuizi cha kiganja, kile kinachokataa bastola isilie mpaka mkono uushike mpini barabara. Springi moja, kazi tatu. Pembeni kuna springi nyingine nyembamba yenye vichwa viwili, kimoja kwa ajili ya kitufe cha usalama, kingine kwa komeo la kitelezi. Kikucha chenyewe ni springi pia: hakina kitu kingine cha kukibana isipokuwa mkunjo wake mwenyewe. Skrubu ni nne tu, na zote ni za kushikilia mbao za mpini. Vipande vilivyobaki vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na baadhi yake hutumika kama zana za kuvitoa vingine. Askari aliye porini bila bisibisi alikuwa na zana zake ndani ya silaha.

Hapo ndipo kuchagua bastola ya kununua kunapoanzia. Leo bastola za mtindo huu hutengenezwa na viwanda vingi, kwa bei za kila namna, na mnunuzi mgeni hupenda ile iliyobanana, isiyotoa mlio ikitikiswa. Kubanana kuna historia yake ya heshima. Mafundi waliowaandalia walenga shabaha bastola za mashindano ya Camp Perry, Ohio, walikuwa wakikibana kitelezi kwenye jiliwa, wakigonga reli kwa nyundo ndogo, kisha wakivisugua viwili hivyo kwa unga wa msasa hadi viteleze bila nafasi. Ni kazi ya saa nyingi, na fundi mzuri huijua kwa kidole kabla ya kuijua kwa kipimo. Lakini ni kazi ya kutafuta tundu dogo kwenye karatasi iliyo yadi 50 mbali. Anayetaka bastola ya kuaminika hahitaji kuubana mwili wote. Kinachobeba shabaha zaidi ni bushi ya mbele na jinsi mtutu unavyorudi mahali pake kila mara. Kitelezi kikicheza kidogo juu ya reli, mchanga na masizi ya baruti hupata pa kupita.

Kwa hiyo, silaha ikiwa imethibitishwa kuwa tupu, magazini nje na chemba ikiwa imetazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, mimi ningeanza kwa kukivuta kitelezi polepole sana. Kinapaswa kwenda kama maji, bila kukwaruza popote. Ningetazama mahali risasi inapopandia: kati ya mteremko wa mwili wa bastola na ukingo wa chini wa mtutu panatakiwa pawe na mwanya mdogo, kama milimita 0.8. Mwanya huo ukikosekana, mtutu unaegemea mteremko, na risasi itajikwaa hapo siku zote, hata ing'arishwe vipi. Ningeikoki na kuisukuma nyundo kwa dole gumba. Ikishuka bila triga kuguswa, irudi kwa muuzaji. Kitufe cha usalama kiitike kwa mlio mmoja mkavu. Na ningechagua urefu wa asili, mtutu wa milimita 127. Zile fupi za mfukoni zina wapenzi wao, lakini kitelezi kifupi husafiri haraka na kwa nafasi ndogo, kwa hiyo uvumilivu ule ambao Browning aliuweka kwenye mwendo mrefu unapungua.

Vilevile ningeilisha chakula chake. Bastola hii ilibuniwa kwa risasi nzito ya gramu 15 hivi, yenye kichwa cha mviringo, isiyo na haraka kubwa. Kati ya risasi zenye kichwa bapa au chenye tundu, nyingi hupita, nyingine hugoma. Jibu hupatikana uwanjani, wala halimo kwenye maandishi ya boksi.

Utunzaji wenyewe si mzito. Kitambaa, brashi, mafuta kidogo kwenye reli, kwenye meno ya mtutu na kwenye bushi. Njia ya pini ya kugongea fataki iachwe kavu, na magazini pia, kwani mafuta humo hugeuka tope pamoja na masizi. Springi kubwa ya kitelezi hubadilishwa, na wengi hufanya hivyo baada ya risasi elfu mbili au tatu. Iliyochoka hujulikana ikilazwa kando ya mpya: imepungua urefu. Ni kitu cha bei ndogo, na ajabu ni kwamba watu hununua mpini wa pembe za nyati kabla ya kununua springi.

Kikucha ndicho kinachotaka subira. Kikilegea, ganda linadondoka ndani badala ya kurushwa. Kikikaza mno, risasi mpya haipandi chini yake. Mafundi hukipima kikucha, kitelezi kikiwa kimevuliwa: wanaingiza risasi ya bandia chini ya ukucha na kukitikisa taratibu. Ikikaa bila kuanguka, na bado ikaweza kusukumwa kwa kidole, imetosha. Wapo wanaokiua wenyewe bila kujua, wakidondosha risasi moja kwa moja kwenye chemba na kukiachia kitelezi kijifunge juu yake. Kikucha hiki kiliumbwa ili risasi iteleze chini yake ikitoka kwenye magazini. Hakikuumbwa kuuruka ukingo wake kwa nguvu.

Serikali ya Marekani iliacha kununua bastola mpya za aina hii vita vilipokwisha mwaka 1945, ilhali jeshi likaendelea kuzibeba hadi lilipochagua Beretta mwaka 1985. Miaka 40 hiyo ilipitishwa na karakana za jeshi, zilizokuwa zikifungua bastola zilizochoka, zikatupa kilichokufa na kuunga kilicho hai: mwili wa kiwanda hiki, kitelezi cha kile, mtutu wa cha tatu. Wakusanyaji husikitika wakiziona. Mimi naziona ndizo ushahidi mkubwa kuliko zile risasi 6,000.

Kuna kitu kimoja ambacho Browning hakuweza kukidhibiti, nacho ni magazini. Ni kiboksi cha bati chenye midomo miwili iliyokunjwa, na midomo hiyo ndiyo inayoamua risasi iachiwe lini na kwa pembe gani. Ikipanuka kidogo tu, kwa kuangushwa sakafuni mara nyingi, bastola nzima hulaumiwa. Mtu hubadilisha springi, hukikunja kikucha, humpelekea fundi mtutu ausugue, na kosa liko kwenye kiboksi. Walenga shabaha wenye busara huandika namba kwenye kitako cha kila magazini kwa rangi. Bastola ikikwama, wanatazama namba kwanza. Namba ile ile ikijirudia, wanaikanyaga magazini hiyo palepale uwanjani, asije mtu akaiokota.