Vita vya Mezani

Msomaji mpenzi, huenda siku moja ukawakuta watu wawili wameinamia ubao, kila mmoja akimtazama mwenzake kama jemadari atazamavyo adui. Ubao wenyewe umechorwa vyumba vyenye pande sita, na juu yake vimesimama vijisanamu vya askari, vya buluu na vya kijivu. Mchezo huo ni Battle Cry, uliobuniwa na Richard Borg na kutolewa mwaka 2000. Habari yake ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu 1861 hata 1865. Natutazame wema wake, kisha upungufu wake.

Wema wake wa kwanza ni wepesi. Kikosi cha askari wa miguu kina vijisanamu vinne, cha wapanda farasi vitatu, cha mizinga viwili. Mchezaji hucheza karata, na karata nyingi humruhusu kuamrisha vikosi vichache tu, vya kushoto, au vya katikati, au vya kulia. Kisha hutupa dadu zenye picha. Ikitokea picha ya aina ya askari walioshambuliwa, kijisanamu kimoja huondolewa. Ikitokea bendera, kikosi hurudi nyuma. Mtu aweza kujifunza haya yote kwa alasiri moja.

Wema wa pili umo katika hizo karata. Katika bao letu, kete zote zaonekana, na mchezaji stadi hushinda kwa hesabu yake. Hapa waweza kuona dhahiri kwamba upande wako wa kushoto unaangamia, nawe mkononi huna ila karata za kulia. Ndivyo vita vilivyo: jemadari huona hatari, lakini amri yake haifiki kwa wakati. Katika jambo hili mchezo wasema kweli.

Lakini hebu utazame ubao mara ya pili. Watumwa wako wapi? Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4 nchini Marekani, na majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa huo. Tarehe 17 Septemba 1862, majeshi yalipigana Antietam, na jeshi la Kusini likarudi nyuma. Siku tano baadaye Rais Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa majimbo yatakayoendelea kuasi watakuwa huru tangu 1 Januari 1863. Kabla ya vita kwisha, Waafrika wa Marekani wapatao 180,000 walikuwa wametumika katika jeshi la Muungano. Mezani hakuna hata kimoja cha haya. Buluu na kijivu hukusanya bendera zao sawasawa, kana kwamba walichopigania ni kimoja.

Pengine utanijibu kwamba mchezo huu waonyesha mapigano ya siku moja, si vita vizima, na kwamba mchezo uliobebeshwa kila kitu hauchezeki. Nakubali. Simlaumu mtungaji kwa kupunguza. Kupunguza ndiyo kazi yake. Neno langu ni kwako wewe mchezaji. Mchezo umekufundisha jinsi watu walivyopigana, ukanyamaza kuhusu sababu yao. Nasi hatuwezi kulipuuza jambo hili, kwa kuwa pwani yetu wenyewe iliona watu wakinunuliwa na kuuzwa, na utumwa haukuondolewa katika sheria hapa Kenya hata mwaka 1907.

Basi ucheze, kwa maana mchezo ni mzuri. Lakini mkiisha kuvirudisha vijisanamu sandukuni, muulize mwenzako: kama kijivu kingeshinda kweli, nani angebaki katika minyororo? Asipojua la kujibu, kitafuteni pamoja kitabu cha historia.