Mwasha Taa Aliyekatwa: Jinsi Mwana Mdogo wa Mfalme Alivyogeuzwa Filamu ya Nyimbo

Katika Mwana Mdogo wa Mfalme, kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry, yumo mtu ambaye kazi yake ni kuwasha taa na kuizima. Sayari yake ni ndogo mno na inazunguka mara moja kwa dakika, kwa hiyo kila dakika jua linazama na kuchomoza tena. Anawasha, anasalimia, anazima, anasalimia, na hapati hata nafasi ya kuketi. Mtunzi wa muziki akiisoma sura hiyo anakuta mwandishi ameshampigia mdundo. Lakini mwaka 1974, kitabu kilipogeuzwa filamu ya nyimbo, mwasha taa alikatwa. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi kwa ajili ya swali hilo moja: kwa nini mafundi wakubwa kiasi kile waliacha muziki uliokuwa tayari ndani ya hadithi, wakaenda kutafuta mwingine pembeni?

Mafundi kweli walikuwa. Alan Jay Lerner aliandika muswada na maneno ya nyimbo, Frederick Loewe akatunga muziki. Hao ndio waliotunga My Fair Lady ya jukwaani mwaka 1956, filamu ya Gigi mwaka 1958 na Camelot mwaka 1960. Mwongozaji alikuwa Stanley Donen, aliyeongoza Singin' in the Rain pamoja na Gene Kelly mwaka 1952. Paramount ndiyo iliyotoa filamu. Mandhari ya jangwani yalipigwa Tunisia, na kamera ilikuwa mikononi mwa Christopher Challis. Yote ni dakika 88. Muziki ulipata tuzo ya Golden Globe na ukateuliwa katika vipengele viwili vya Oscar, lakini watazamaji hawakujitokeza, na baada ya hapo Lerner na Loewe hawakutunga tena pamoja.

Sisi tulio huku Kemambo, wilayani Tarime, tuna kipimo chetu cha kuipimia kazi ya namna hii, na sioni haja ya kuazima cha mtu. Katika ngano zilizotulea, wimbo hauji kupamba. Ndege anaimba, na kwa kuimba kwake anafichua mauaji. Mtoto anaimba, mwamba unafunguka. Binti anaimba ng'ambo ya mto na mama yake anamtambua kwa sauti. Fanani akiuruka wimbo, hadithi inakwama palepale, maana mlango haujafunguliwa na muuaji hajajulikana. Hadhira nayo ina sehemu yake, kiitikio ni chao, na wasipoitikia fanani hasogei. Hata mpiga iritungu, ile ala yetu ya nyuzi nane, anaposimulia mambo ya ukoo fulani, nyuzi zinabeba nusu ya maelezo. Kwa hiyo kipimo ni hiki: ondoa wimbo, kisha tazama kama kuna tukio lililopotea. Kama hakuna, wimbo ule haukuwa na kazi.

Tuanze na mbweha. Katika kitabu, mbweha anamfundisha mtoto, yaani mwana mdogo wa mfalme mwenyewe, namna ya kufanya urafiki: aketi mbali kidogo, asiseme neno, na kila siku asogee hatua moja. Mwandishi anayamaliza hayo kwa mistari michache, halafu siku zote za kusogea anamwachia msomaji azijaze mwenyewe. Kamera haina ruhusa hiyo. Lazima ionyeshe siku zikipita na umbali ukipungua, na ikionyesha bila ustadi tutachoka kabla mbweha hajafika. Hapo ndipo Lerner na Loewe walipofanya kazi safi. Wimbo wa mbweha unahusu kusogea, na wakati unaimbwa kusogea kwenyewe kunatendeka mbele yetu. Gene Wilder, anayeigiza mbweha, hakuvikwa ngozi wala mkia. Amevaa suti, na umbweha wake uko shingoni, machoni na katika namna anavyotaka kukimbia huku anatamani kubaki. Wimbo unapoanza wawili hao ni wageni, unapoisha hawawezi kuachana. Ukiukata, urafiki haupo, na machozi ya kuagana yatakuwa hayana mzizi.

Nyoka ni fundisho la aina nyingine. Sehemu hiyo ilipewa Bob Fosse, mcheza dansi na mwongozaji, aliyejipangia mwenyewe hatua zake. Amevaa nyeusi tupu, kofia ya duara, glovu, miwani ya rangi, naye anacheza juu ya mchanga wa jangwa, mahali ambapo mguu unazama kila ukikanyaga. Angalia mikono, angalia nyonga, angalia jinsi anavyoteleza kwenda pembeni bila kugeuza uso. Wengi wameona humo mbegu ya dansi za Michael Jackson za miaka iliyofuata, na ukitazama huwezi kuwabishia. Mimi navutiwa zaidi na jinsi dansi ile inavyoibeba hoja. Nyoka wa kitabuni anazungumza kwa mafumbo. Anamwahidi mtoto kwamba anaweza kumrudisha alikotoka, na msomaji mtu mzima anaelewa kwamba anazungumzia kifo. Fumbo la maneno likiwekwa kwenye filamu lilivyo, mtoto aliye mbele ya skrini hatalielewa, na likifafanuliwa linakufa. Fosse alilihamishia mwilini. Mtoto anaona kwamba mtu huyu anapendeza na anatisha kwa wakati mmoja, na hahitaji kuambiwa zaidi. Humo wimbo ni mtego, na mtego ni tukio.

Waridi la mtoto, linaloigizwa na Donna McKechnie, napita haraka. Ni zuri, ni la madaha, na halibadilishi kitu.

Tatizo kubwa liko kwa rubani, msimulizi anayekutana na mtoto jangwani. Richard Kiley ana sauti nzito iliyokomaa, na alipewa nyimbo nyingi za kuimbia hisia zake. Wimbo wa mwanzo, unaoeleza jinsi watu wazima walivyoshindwa kuuelewa mchoro wake wa utotoni, unajitetea, kwa kuwa unavusha miaka mingi kwa dakika chache. Lakini tukifika jangwani, yeye na mtoto wanapotafuta maji, wimbo unaanza kutueleza uzuri wa jangwa unatoka wapi. Katika kitabu jambo hilo linasemwa na mtoto aliyechoka, kwa sauti ndogo, na rubani anatembea akilitafakari. Ukimya baada ya maneno ndio unaolifanya litue. Okestra ikiingia na vinanda vyake vyote, ukimya umekwisha, na wazo ambalo msomaji alilifikia mwenyewe sasa anakabidhiwa limeshatafunwa. Pale wangeacha upepo na nyayo tu.

Sijasema kwamba wimbo wa kueleza hauna mahali pake. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, imejengwa juu ya nyimbo za kueleza, na watoto wetu wanajifunza hesabu kwazo. Kule kazi iliyokusudiwa ni somo. Hadithi ya falsafa ina kazi tofauti: humwachia mtoto swali aende nalo kulala.

Sayari za watu wazima anazozitembelea mtoto ndizo zilizopata hasara kubwa zaidi. Kitabu kina sita: mfalme, mwenye majivuno, mlevi, mfanyabiashara, mwasha taa na mwanajiografia. Filamu ilibakiza mfalme na mfanyabiashara, ikafuta wengine wanne, ikamleta mwanahistoria na jenerali wa jeshi. Donen alitumia lenzi pana zinazoupinda upeo ili sayari zionekane ndogo, na hilo lilifaa. Lakini wakubwa wanne wa filamu walipewa wimbo mmoja wa kugawana, wa kumwambia mtoto kwamba yeye ni mtoto tu, kwa hiyo hakuna sayari iliyopata mdundo wake. Tena mwanahistoria na jenerali wanaishi kwa maneno. Mlevi ana kitendo kinachojirudia, anakunywa ili asahau aibu ya kunywa, na duara hilo ni kiitikio tayari. Mwenye majivuno anavua kofia kila akipigiwa makofi, na hapo kuna mdundo na kuna hadhira. Mwasha taa nimeshamsema. Nadhani Lerner, kwa kuwa alikuwa bingwa wa maneno, alitafuta wahusika wenye mengi ya kusema, akawapita wenye mengi ya kutenda.

Mfanyabiashara alibaki, na kwa msomaji wa Nyamongo huyo anahitaji maelezo machache. Amehesabu nyota hadi zikafika 501,622,731, anaandika idadi kwenye karatasi na kuifungia kwenye droo, akiamini kwamba amezimiliki. Watu waishio pembeni ya shimo la dhahabu la North Mara wanajua kuhesabu kwa namna hiyo. Sehemu hiyo ikichezwa hapa, sauti ya kuhesabu yenyewe ingetosha kuwa muziki.

Kuna pia ugomvi wa kasi. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1978, Lerner alilalamika kwamba mwongozaji alibadilisha mwendo wa nyimbo na kukata vipande vya muziki apendavyo. Upande wa Donen una hoja pia, kwa kuwa filamu ina mwendo wake na jukwaa lina wake. Kwa maoni yangu ugomvi ule ulitokana na muswada. Nyimbo ambazo hazikufungamana na kitendo chochote zinaweza kufupishwa popote bila hadithi kuumia, na mhariri wa picha huligundua hilo mapema. Hakuna aliyeweza kuukata wimbo wa mbweha katikati, maana angemwacha mnyama nusu ya njia.

Mark Osborne alipoirudia hadithi mwaka 2015 alichukua njia nyingine. Aliweka simulizi mpya ya msichana na rubani mzee kwa picha za kompyuta, na sehemu za kitabu akazitengeneza kwa vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Muziki wa Hans Zimmer na sauti ya Camille vinapita chini ya picha, na wahusika wenyewe hawasimami kuimba. Kitabu kilibaki na ukimya wake, ingawa simulizi mpya ilivimba hadi ikakaribia kukimeza.

Kwa vijana wa Tarime na Serengeti wanaopiga video za muziki na wanaotaka kujaribu filamu ya hadithi, ombi langu ni la kiufundi. Chukueni ngano mnayoipenda, au chukueni Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Kabla ya kuandika ubeti wowote, pigieni mstari kila kitendo kinachojirudia na kila mahali ambapo mtu anavuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Nyimbo ziende hapo tu. Penye wazo zito, nyamazeni. Mpeni mwasha taa iritungu, nyuzi chache za chini, na kasi iongezeke kila jua linapozama.

Kuhusu haki: Saint-Exupéry alifariki mwaka 1944, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa kitabu chenyewe hapa kwetu umekwisha. Lakini tafsiri ya Kiswahili ina wenyewe, kwa hiyo atakayetaka kutumia maneno yake aanze kwa kumwandikia mchapishaji na kufika COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mkitaka filamu ionyeshwe nchi nyingine, ulizeni kwanza sheria za huko, kwa sababu Ufaransa bado inaulinda mtungo huu.