Ridhaa, Idhini na Alama ya Kidole: Lugha ya Utafiti wa Watu Katika Kajiado

Katika Kiswahili Sanifu, kware ni ndege wa porini wa jamii ya kuku, apendaye kukimbia kuliko kuruka. Lakini mkazi wa Kitengela au wa Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado, akisema kwamba anakaa Kware, hamkusudii ndege huyo. Neno lake limetoholewa kutoka Kiingereza, na maana yake ni machimbo ya mawe. Mahali palipochimbwa mawe ya kujengea hubaki na jina hilo hata baada ya nyumba za kupanga kusongamana juu yake.

Jina hili lina funzo kwa wasomi wa lugha. Mitaa ya namna hii huwavutia sana watafiti, na wengi wao huiendea kama machimbo: hufika na zana, huchimba, hupakia, huondoka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo haitokani na tabia ya mtafiti peke yake. Imejengeka pia katika msamiati anaoutumia kumwita, kumwomba na kumweleza mtu anayemtafiti. Hoja yenyewe ni kwamba maadili ya utafiti hulindwa au huvunjwa kwanza katika lugha, kabla swali la kwanza halijaulizwa.

1. Jina la anayeulizwa

Vitabu vya isimu na fasihi simulizi vimezoea kumwita mtu huyo mtoa habari. Istilahi hii ina ila mbili. Kwanza, katika matumizi ya kila siku mtoa habari ni yule anayewapelekea polisi siri za jirani zake. Katika mtaa ambamo watu wanaishi ukuta kwa ukuta, hilo si jina la kumpa mwenyeji. Pili, istilahi hiyo humfanya mtu kuwa chombo cha kupitishia habari, kana kwamba habari hizo si mali yake. Mhojiwa na msailiwa nayo ni majina yanayomweka katika hali ya kutendwa. Mshiriki ni bora zaidi, ila ni lazima kuwe na kitu anachoshiriki kwa kweli.

Historia ya utafiti wa lugha ya Kimaasai inalithibitisha jambo hili. Mwaka 1905 A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha huko Oxford kitabu chake mashuhuri juu ya lugha na ngano za Wamaasai. Jina lililo juu ya jalada ni lake peke yake. Miongoni mwa Wamaasai waliomsaidia alikuwamo Justin Lemenye, ambaye alingoja hadi mwaka 1953 ndipo maisha yake mwenyewe yakatoka katika kitabu, nacho kikiwa cha Kiswahili: Maisha ya Sameni ole Kivasis yaani Justin Lemenye. Miaka 48 ilipita kati ya msomi kumtumia na msomaji kumfahamu.

Hali ilianza kubadilika katika miaka hiyo ya hamsini. Mwaka 1954 Tompo ole Mpaayei alitoa Inkuti Pukunot oo lMaasai, maelezo ya desturi za Wamaasai yaliyoandikwa kwa lugha yao. Mwaka uliofuata sarufi ya Kimaasai ilitoka ikiwa na majina mawili, la A. N. Tucker wa Chuo Kikuu cha London na la Mpaayei. Kisha mwaka 1983 Naomi Kipury, Mmaasai mwenyewe, akachapisha mkusanyo wake wa fasihi simulizi ya Wamaasai. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba mtafiti kuwa mwana wa jamii hakumalizi tatizo. Msomi wa Nairobi anayemkalisha bibi mzee wa Kajiado mbele ya kinasa sauti ana elimu, ana usafiri, na ana jina litakalochapwa. Bibi ana hadithi tu. Undugu hauiondoi tofauti hiyo. Pengine huificha, kwa kuwa mzee huona haya kumkatalia mtoto wa nyumbani.

2. Ridhaa na idhini

Fomu nyingi za utafiti zilizoandikwa kwa Kiswahili huchanganya maneno haya mawili. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: serikali humpa mtafiti idhini, na chifu vilevile. Ridhaa hutoka moyoni mwa anayehusika. Neno hili lina asili moja na radhi, na Mswahili anapozungumza juu ya radhi ya mzazi hakusudii ruhusa. Anakusudia moyo uliotulia. Basi mtu anaweza kutoa idhini bila ya kuwa radhi. Mpangaji wa Kware akiona mtafiti ameletwa mlangoni na mzee wa mtaa au na mwenye nyumba, hukubali. Kukubali huko ni kumstahi aliyemleta. Mtafiti hurudi na saini, na ridhaa imebaki nyuma.

Katika Kajiado tofauti hii ina uzito wa kihistoria. Mwaka 1904 Olonana na wazee wengine walitia alama zao katika mkataba na serikali ya Uingereza. Maneno ya mkataba yalitamka kwamba Wamaasai walikuwa wameamua kwa hiari yao kuliacha Bonde la Ufa na kuhamia katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini ya reli, na kwamba mpango huo ungedumu kadiri Wamaasai watakavyodumu. Haikupita miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba baina ya dola haukuwa na hakimu katika mahakama ile. Kwa hiyo mtafiti anayemwomba mzee wa Kajiado abonyeze kidole chini ya karatasi asiyoweza kuisoma anatumia ishara ambayo wenyeji waliijua kwa hasara. Mzee akisita, asihesabiwe kuwa mjinga.

Sheria za Kenya za sasa zimepiga hatua. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 humtaka mtafiti awe na leseni. Ile ya 2016 juu ya maarifa ya jadi huitaka jamii iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mtu haki ya kuiondoa ridhaa aliyokwisha kuitoa. Hata hivyo sheria hutazama karatasi. Haiwezi kujua kama neno lililosomwa mlangoni lilifahamika.

3. Neno nasibu

Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Kajiado juu ya maji ya kunywa. Watoto 206 wa Kimaasai, wa umri wa miaka 5 hadi 16, waligawanywa kwa nasibu. Nyumba za kundi moja ziliweka maji katika chupa za plastiki juani, juu ya paa. Nyumba za kundi la pili ziliweka chupa zao ndani. Baada ya majuma 12 ilionekana kwamba watoto wa kundi la kwanza waliugua kuhara kidogo kuliko wenzao. Manufaa yake ni dhahiri: chupa ni rahisi na jua ni la bure. Wanaoutetea mpango huo husema pia kwamba watoto wa kundi la pili walikunywa maji yale yale ambayo wangeyanywa kama utafiti usingalikuwapo.

Utetezi huo una nguvu, lakini haumwondolei mwanalugha swali lake. Mama atafafanuliwa kwa maneno gani kwamba mtoto wa jirani amepangiwa jua na wake kivuli, bila ya kosa wala sifa? Nasibu katika Kiswahili ni bahati, na bahati nasibu ni mchezo wa kukisia unaochezwa kwa pesa. Kumwambia mzazi kwamba mtoto wake amechaguliwa kwa nasibu ni karibu na kumwambia kwamba amechezewa kamari. Maelezo marefu yanahitajika hapa: kwamba hakuna ajuaye bado kama jua linasaidia, kwamba ndiyo maana nyumba zinapigiwa kura, na kwamba njia ikithibitika wote wataipata. Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa si tafsiri, ni ahadi.

4. Kware na matatizo ya utendaji

Kanuni za kimataifa, kama Azimio la Helsinki la mwaka 1964, humwagiza mtafiti aitunze siri ya mshiriki. Katika nyumba ya chumba kimoja iliyotengwa na jirani kwa bati, siri haitunzwi kwa kufungia karatasi kabatini. Swali juu ya maradhi, deni au ugomvi wa ndoa husikika chumba cha pili. Ni wajibu wa mtafiti kutafuta mahali pengine, au kulibadili swali, au kuliacha.

Pili, kuna suala la wakati. Kitengela, mji uliohesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 mwaka 2019, umejaa watu wanaolipwa kwa siku. Saa mbili za mahojiano ni sehemu ya chakula cha jioni. Kutolipa chochote ni dhuluma. Kulipa kupita kiasi ni kuinunua ridhaa. Fidia ya muda uliopotea, ikitajwa wazi na kuwa sawa kwa wote, hukaribia haki.

Tatu, kuna lugha yenyewe. Katika mtaa mmoja hukutana Kimaasai, Kikamba, Kikuyu, Kiswahili na Sheng. Fomu ya Kiswahili Sanifu kilichonyooka inaweza kuwa ngeni kwa kijana wa hapo kama ilivyo ile ya Kiingereza. Idara za lugha zina kazi hapa ambayo wanasayansi hawawezi kuifanya: kuzijaribu istilahi hizi mbele ya watu wenyewe kabla hazijapigwa chapa.

Hitimisho

Wako wasomi watakaosema kwamba masharti haya yatauzuia utafiti. Hapana budi kukiri kwamba yatauchelewesha, na kwamba baadhi ya watu watakataa. Lakini uwezo wa kukataa ndio kipimo cha ridhaa. Fomu ambazo hakuna aliyewahi kuzikataa zinapaswa kutiliwa shaka. Aidha, mtu aliyefahamu anachoulizwa hujibu kwa ukweli zaidi kuliko aliyeburutwa, na sayansi yenyewe hufaidika. Jiwe la machimbo halina la kusema juu ya nyumba litakayojengea. Mkazi wa Kware analo, na Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kumwuliza.