Kupanda Lifti Kwenda Chini: Tahakiki ya Maneno ya Vitufe

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, sehemu kubwa ya kazi ya istilahi imekuwa ni kuvipatia vitu majina. Kazi hiyo ni ya lazima, wala hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo, jina la kitu peke yake halimwongozi anayekitumia. Madhumuni ya makala haya ni kuyatahakiki maneno yanayohusu vitufe vya lifti, na kuonyesha kwamba kasoro yake kubwa haimo katika majina bali katika vitenzi.

Mfano wetu tunauchukua Mwanza. Jiji hili limejengwa juu ya vilima vya mawe, na wakazi wake wamezoea kupanda na kushuka kwa miguu. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni jengo refu lililosimama juu ya kilima, na leo katikati ya jiji yako majengo mengine ya ghorofa nyingi yenye ofisi, hoteli na maduka. Mwananchi atokaye Ukerewe au Sengerema kuja kumwona mgonjwa, au kufuatilia shauri lake ofisini, huenda akakutana na lifti hapo kwa mara ya kwanza. Mara nyingi hana wa kumwuliza ila maandishi yaliyo ukutani. Maandishi hayo yakimpoteza, lawama si yake.

Tuanze na majina, kwa kuwa hayo hayana ugomvi mkubwa. “Lifti” ni neno la mkopo lililokwisha kuota mizizi, ingawa pia lina maana ya kubebwa bure katika gari la mtu. Mtu aweza kuunda neno “kipandishi” badala yake, lakini neno hilo litasema nusu tu ya kazi, maana chombo hiki hushusha kama kinavyopandisha. Kuhusu kidude kinachobonyezwa, wako wanaosema “kifungo”. Neno hili linafaa katika shati. Katika lifti linatupatia “kifungo cha kufungua mlango”, usemi unaojipinga wenyewe. Tena humkumbusha msomaji habari za mahakama na magereza. “Swichi” nayo haifai, kwa sababu swichi ya taa hubaki ilipowekwa mpaka irudishwe, hali kidude cha lifti hurudi chenyewe mara kidole kinapoondoka. “Kitufe” kimetokana na tufe, yaani kitu cha mviringo. Ingawa vitufe vingi vya siku hizi ni vya mraba au bapa, neno limekwisha kukubalika, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza. Kitendo chake ni “kubonyeza”, yaani kukifanya kitu kibonyee, na ndivyo hasa ilivyo.

Sasa tutazame kitufe kinavyofanya kazi, kwani istilahi isiyojua kazi ya kitu hubahatisha. Nje ya lifti, kila ghorofa ya katikati huwa na vitufe viwili: kimoja kina mshale wa kuelekea juu, cha pili wa kuelekea chini. Ghorofa ya juu kabisa na ile ya chini kabisa huwa na kimoja tu, kwa kuwa safari ya kutoka hapo ni ya upande mmoja. Kitufe kinapobonyezwa, njia ya umeme huungana na habari hufika kwenye mtambo wa kuongoza lifti. Mtambo huliweka ombi hilo katika kumbukumbu, na taa huwaka kwenye kitufe mithili ya stakabadhi. Kubonyeza mara kumi zaidi hakuongezi kitu. Katika majengo yenye watu wengi, lifti iliyo safarini kwenda juu huwakusanya njiani wote walioomba kwenda juu. Ikiwamaliza, hugeuka na kuwakusanya walioomba kwenda chini. Basi mshale hauiambii lifti ilipo iende wapi. Mshale unaeleza safari ya abiria.

Hapo ndipo tafsiri inapoharibika. Mfasiri akiandika “Bonyeza kupandisha lifti” na “Bonyeza kushusha lifti”, ameigeuza maana juu chini. Kiambishi cha kusababisha kimemfanya abiria kuwa dereva. Mtu aliye ghorofa ya nne, mwenye nia ya kwenda chini, akiona kwamba lifti iko chini kabisa, atabonyeza cha “kupandisha” ili imfikie. Lifti itakuja, atapanda, kisha itamchukua mpaka ghorofa ya nane pamoja na wale wanaokwenda huko, ndipo imrudishe. Mwingine atabonyeza vyote viwili kwa kujihami, na lifti itasimama tena baadaye pasipo na mtu. Katika duka hasara yake ni dakika chache. Katika hospitali, ambapo mgonjwa juu ya machela huweza kuwa anaisubiri lifti hiyo hiyo, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi.

Je, tuandike “Kupanda” na “Kushuka”? Wengi watalipendelea jibu hili, lakini nalo lina mtego. Katika Kiswahili, kupanda ni kwenda juu, na pia ni kuingia katika chombo cha safari. Kushuka ni kwenda chini, na pia ni kutoka katika chombo. Tunapanda basi, tunapanda meli, na kwa kanuni hiyo hiyo tunapanda lifti hata tunapokwenda chini. Kadhalika mtu anayekwenda juu atashuka katika ghorofa ya saba. Kila abiria asimamaye mbele ya mlango anataka kupanda, na neno “Kupanda” likiandikwa pale litawaita wote.

Dawa imo katika sarufi yetu wenyewe, nayo ni upatanisho. Mshale uliochorwa haumtaji mtendaji. Kitenzi cha Kiswahili aghalabu humtaja. Tukiandika kwenye kitufe “ANAYEKWENDA JUU” na “ANAYEKWENDA CHINI”, hakuna atakayedhani kwamba tunasema habari za lifti, kwa maana lifti ingedai “inayokwenda”. Na ile taa ya mshale iwakayo juu ya mlango lifti inapofika, hiyo ndiyo iandikwe “INAKWENDA JUU” au “INAKWENDA CHINI”. Kwa silabi chache tumetenganisha nia ya mtu na mwendo wa chombo.

Wasomaji wa kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa kirefu. Kabla ya daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa mwaka 2025, magari na watu walivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Abiria aliyesimama Busisi, hali kivuko kiko ng'ambo, alipoulizwa safari yake alijibu, “Ninakwenda Kigongo.” Hakujibu, “Kivuko kije Busisi,” ingawa ilibidi kije kwanza. Kitufe cha lifti kinauliza swali lile lile na kinastahili jibu lile lile.

Limebaki suala la hesabu ya ghorofa. Kwa desturi yetu, kama ilivyo Uingereza, ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu ya sakafu ya chini. Marekani huhesabu kuanzia sakafu ya chini yenyewe. Mfasiri wa maelezo yaliyotoka Marekani asipoangalia, atampeleka mtu ghorofa moja zaidi. Tena, mahali penye miteremko kama Mwanza, jengo laweza kuwa na mlango wa barabarani upande mmoja na mwingine chini yake upande wa pili. Neno “Chini” peke yake halitoshi hapo. Kitufe cha ghorofa yenye mlango mkuu kiandikwe wazi: “KUTOKA NJE”.

Kwa muhtasari, tunapendekeza “kitufe” kwa kitu na “kubonyeza” kwa kitendo; tunapendekeza pia kwamba maandishi ya vitufe vya nje yamtaje abiria, na ya taa yaitaje lifti. Walimu wanaweza kuutumia mfano huu darasani wanapofundisha ngeli, ili wanafunzi waone kwamba upatanisho una kazi nje ya mtihani. Maofisa wanaosimamia majengo ya umma nao, kabla ya kuidhinisha kibao chochote, wamwite mtu ambaye hajawahi kupanda lifti, wampe kibao hicho akisome, kisha wamwulize atabonyeza kipi na kwa nini.