Bingwa bobezi wa maumivu: anafundishwa nini, na nani anabaki nje?

Bibi yangu alipata mkanda wa jeshi akiwa na miaka sabini na kitu. Malengelenge yalikauka baada ya wiki chache, ngozi ikarudi, akaambiwa amepona. Lakini hata khanga ikimgusa ubavuni alikuwa anaruka. Alizunguka miezi saba na panadol mkobani. Kila alikokwenda alipimwa, akaambiwa hana kitu.

Mwishowe daktari mmoja kijana alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Bibi, yanaumaje?" Akajibu, "Yanawaka moto, halafu yanapiga kama shoti ya umeme." Yule daktari akaelewa papo hapo. Kirusi kilikuwa kimetulia na kuacha mishipa ya fahamu imeumia. Akamwandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Maumivu hayakuisha yote, ila Bibi alianza kulala.

Dawa hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu. Kilichokosekana miezi saba ni mtu aliyefundishwa kwamba kidonda kinaweza kupona na maumivu yakabaki. Kwa hiyo nilipoanza kusoma kuhusu feloshipu za tiba ya maumivu, nilisoma nikiwa na kesi ya Bibi kichwani.

Kwanza tuelewane. Daktari akimaliza shahada ya kwanza anaweza kusomea ubingwa, kisha ubingwa bobezi, na feloshipu ndiyo njia ya kufika huko. Marekani, ambako mfumo huu umejengeka sana, feloshipu ya maumivu huchukua miezi 12. Wanaingia mabingwa wa ganzi na usingizi, wa mishipa ya fahamu, wa tiba ya viungo na wa afya ya akili, japo wengi wao hutoka kwenye usingizi.

Kwa nini usingizi? Sababu mojawapo ni John Bonica. Alizaliwa mwaka 1917 kisiwani Filicudi, Italia, akakulia Marekani, na akajilipia masomo ya udaktari kwa kucheza mieleka. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi ya Madigan. Huko alikutana na majeruhi ambao maumivu yao hakuyaelewa, akawa anawaita wenzake wa fani nyingine wamjadili mgonjwa pamoja. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tiba ya maumivu, na baadaye Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kikawa na kliniki iliyoendeshwa kwa mtindo huo wa meza moja. Bonica mwenyewe aliishi na maumivu ya viungo aliyoachiwa na mieleka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikilalia.

Wazo lake lilikuwa rahisi: maumivu ni makubwa kuliko daktari mmoja. Hapo ndipo ukosoaji wangu unapoanzia, maana kwa maoni yangu feloshipu ya miezi 12 imeegemea sindano kuliko meza. Mwanafunzi lazima ajifunze kuchoma sindano karibu na uti wa mgongo akiongozwa na picha za eksirei, kuunguza mishipa midogo ya fahamu kwa joto, na kuweka vifaa vya umeme vya kutuliza maumivu. Haya si mambo ya kubeza. Mgonjwa wa saratani ya kongosho anaweza kupata nafuu kubwa akizibiwa fundo la mishipa lililo nyuma ya tumbo, na kazi hiyo haifundishiki kwa semina ya wikendi. Lakini mwaka ni mfupi, na bima hulipa sindano vizuri kuliko mazungumzo ya nusu saa. Nadhani unajua ni somo gani litapunguziwa muda.

Australia na New Zealand wamefanya tofauti. Kitivo chao cha tiba ya maumivu kilianza mwaka 1998, mafunzo ni ya miaka miwili, na mtaala unamtazama mgonjwa kwanza katika jamii yake, kisha nafsi yake, kisha mwili. Mpangilio huo naukubali zaidi.

Kwetu sisi, kusikiliza kuna uzito wa ziada. Mwaka 1975 Ronald Melzack alitoa dodoso maarufu lenye maneno 78 ya kuelezea maumivu, yote ya Kiingereza. Kiswahili kina yake: yanachoma, yanakata, yanavuta, yanapwita, yanawaka. Ukiandika kwenye faili "maumivu 7 kati ya 10", yale maneno ya Bibi kuhusu moto na shoti yanapotea, na ndiyo yaliyobeba jibu. Halafu tuna neno uchungu, ambalo ni la leba na ni la msiba pia. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho huja pamoja. Mwenye kujua neno uchungu hatashangaa.

Ukosoaji wangu wa pili unahusu walio nje ya feloshipu. Marekani ilianza kuithibitisha rasmi mwaka 1992. Miaka minne baadaye ikaja OxyContin, na nchi ikaingia kwenye janga la dawa jamii ya afyuni. Sehemu kubwa ya dawa hizo iliandikwa na madaktari wa kawaida ambao shuleni walifundishwa kidogo mno kuhusu maumivu.

Kwetu tatizo ni kinyume. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za afyuni, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Huko zilimwagika, huku hazifiki, na pande zote mbili mtu wa mstari wa mbele hakufundishwa.

Uganda waliliona hilo. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, baada ya Hospice Africa Uganda kuonyesha tangu 1993 kwamba mofini ya maji inaweza kutumika salama hata nyumbani kwa mgonjwa.

Je, nasema tusiwe na feloshipu? Hapana. Kesi ngumu zinahitaji bobezi, na walimu wanahitaji mwalimu. Ila tukiiga miezi 12 ya sindano kama ilivyo, tutakuwa tumeezeka paa kabla ya kuta. Programu yoyote itakayoanzishwa ningeiuliza hivi: mwanafunzi atakaa wiki ngapi hospitali ya wilaya akifundisha wauguzi? Atakaa meza moja na mtaalamu wa saikolojia na wa mazoezi ya viungo? Mtihani wake utapima kama anajua kusikiliza?

Yule kijana aliyemtibu Bibi hakuwa bobezi. Lakini mahali fulani, kuna mtu alimfundisha kuuliza "yanaumaje?" Feloshipu itupe watu wa kufundisha hivyo.

Na wewe unayesomea udaktari au uuguzi, umefundishwa maumivu kwa saa ngapi mpaka sasa?